Barua ya wazi: Sanamu ya Askari inakaribia miaka 100, na wapagazi bado hawana majina

Kwa Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam. Kwa wahusika wa malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Na kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, mkiendelea na majukumu.

Mwaka 2027 Sanamu ya Askari pale Posta inatimiza miaka 100 tangu izinduliwe. Tarehe za namna hii kwetu hukumbukwa zikiwa zimebaki siku chache: kingo za barabara zinapakwa chokaa, mahema yanafungwa, mgeni rasmi anakata utepe, ngoma mbili tatu zinapigwa, na kesho yake bajaji zinapita kama kawaida. Ndiyo maana naandika mapema. Ombi langu ni moja, ingawa nitazunguka nalo kidogo kabla ya kulitua: miaka 100 hiyo iwe ya wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya majeshi katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Wakazi wengi wa jiji hili tunaipita sanamu hii kama tunavyopita nguzo ya umeme. Ni alama ya kuelekezana njia. "Shuka Posta, ukifika Sanamu ya Askari kata kushoto." Basi, imemaliza kazi yake. Lakini pale Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba, katikati ya kipilefti, ndani ya kibustani cha duara, kuna mtu wa shaba nyeusi aliyeshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari, na mtu huyo ana historia ndefu kuliko majengo mengi yanayomzunguka. Alitengenezwa na mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, akamiminwa London, akaonyeshwa hukohuko kwanza, ndipo akapakiwa melini kuja kusimama kwetu.

Enzi za Mjerumani jiji hili lilikuwa na sanamu nyingine kabisa. Alisimamishwa Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana na kabla ya hapo kamanda aliyezima upinzani wa Abushiri bin Salim huku pwani na kumnyonga mwaka 1889. Chini yake waliweka askari wa Kiafrika anayemtazama bwana wake kwa kuinua macho. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 walimshusha, wakampeleka London kama ngawira, na baadaye akarudishwa kwa Wajerumani, akasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa huko walimwangusha mwaka 1967, akarudishwa. Mwaka 1968 wakamwangusha tena, na safari hiyo hakurudi.

Kwa hiyo yule wa 1927, ukimlinganisha na aliyemtangulia, ni hatua. Mwafrika alipanda juu ya nguzo, peke yake, bila bwana wa kumtazama. Nalitambua hilo, wala siungani na wale wanaosema kila kilichoachwa na mkoloni king'olewe. Barabara inayopita pale imeitwa Acacia, ikaitwa Independence, leo ni Samora, Askari hakuguswa. Waliotutangulia walimwacha, nami nadhani walifanya vyema.

Kinachonisumbua kiko chini ya miguu yake.

Ubavuni mwa nguzo ile kuna mabamba yenye picha zilizochomoza. Pembeni kidogo, ukikaribia, utawaona wapagazi na mizigo yao. Ni wadogo, wako usawa wa kifua chako, vumbi na moshi wa magari vimewakaa. Kuna pia maandishi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, kwa sababu watu wa pwani wa wakati ule walisoma kwa herufi hizo. Maneno yalitungwa na Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, halafu wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu wengine wote waliomtumikia mfalme na nchi yao wakafa katika Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Mwisho yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Mimi ni mwalimu wa historia. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili pale. Kufika kwenyewe ni kazi: hakuna pa kuvukia, tulisubiri mwanya wa magari tukakimbia kwa mafungu, mwalimu mwenzangu amenyoosha mkono katikati ya barabara kama trafiki, dereva mmoja wa daladala akitupigia honi na kucheka. Tulipofika, binti mmoja alisoma ile ahadi ya mwisho, akaizunguka nguzo yote, akarudi nilipo. "Mwalimu, sasa majina yako wapi?"

Nikamwambia hayapo. Akataka kujua kama yalifutika au hayakuandikwa.

Hayakuandikwa. Wala haikuwa bahati mbaya, na hapa ndipo naomba ndugu zetu wa Tume wanisikilize kwa makini, maana wao wenyewe wamekwisha kulikiri. Tume hiyo iliundwa wakati wa vita ile kwa kanuni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, jenerali na kuruta sawasawa, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta. Nendeni makaburi ya vita yaliyoko Barabara ya Ali Hassan Mwinyi mkaone kanuni hiyo ilivyotekelezwa. Mawe yamepangwa mistari, nyasi zimekatwa, kila jina linasomeka. Lakini kwa Waafrika wa huku iliamuliwa vingine: wapewe sanamu ya pamoja, moja Dar es Salaam, nyingine Nairobi, nyingine Mombasa, biashara iishe. Kumbukumbu za maofisa wa Tume zinaonyesha kwamba gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Horace Byatt, aliona makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na kwamba hakutaka hata kuzitafakari takwimu za Waafrika waliopotea. Yakaachwa, yakarudi kuwa pori, na jiji likajengwa.

Mwezi wa nne mwaka 2021 kamati iliyoundwa na Tume yenyewe ilitoa ripoti. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na baadhi yao hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni akaomba radhi. Tuliposikia tulitikisa vichwa, tukasema angalau. Lakini radhi iliyotolewa London inatakiwa ionekane pia kwenye kibustani cha Posta, na mpaka sasa mtu akisimama pale hataona kitu kinachomwambia kwamba kuna aliyeombwa radhi.

Niseme kidogo kuhusu hao wapagazi, kwa sababu vitabu vya shule huwapitia kwa sentensi moja. Vita ya huku haikuwa ya mahandaki kama ya Ulaya. Ilikuwa ya kufukuzana. Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwakimbiza Waingereza kutoka Tanga mwaka 1914, kisha yeye akakimbizwa kutoka kaskazini hadi Rufiji, Lindi, Mahiwa, akaingia Msumbiji, akarudi, akavuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini, akaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kunyamaza. Katika safari yote hiyo mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na malori yalikwama kwenye tope. Kikabaki kichwa cha binadamu. Risasi, mahema, unga, dawa, vyombo vya maofisa, vyote vilipita kichwani, mzigo wa kilo 25 au zaidi, siku hadi siku.

Wapagazi waliochukuliwa na pande zote wanakadiriwa kupita milioni moja. Wachache walijiandikisha kwa mshahara, wengi walikamatwa. Mwaka 1917 ulikuwa mbaya kuliko yote, kwa kuwa Waingereza waliamua kukusanya wanaume kwa nguvu, wilaya kwa wilaya, na mvua za Rufiji zilikuwa zimekwisha kuua wengi. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Wengine tumbo liliharibiwa na unga wa mahindi ambao hawakuuzoea, unaopikwa haraka na watu waliochoka, jioni, kwa kuni mbichi, ukaliwa nusu mbichi. Wanahistoria hukadiria waliokufa kwa upande wa Uingereza peke yake kuwa karibu 100,000. Askari aliye juu ya nguzo asingefika popote bila watu hawa, na waliokufa miongoni mwao ni wengi mno kuliko askari waliokufa. Halafu yeye ndiye aliyepewa shaba, wao wakapewa kibamba cha ubavuni.

Nairobi angalau, kwenye Barabara ya Kenyatta, mchongaji huyohuyo aliweka watu watatu kwenye sanamu iliyozinduliwa mwaka 1928, na mmoja wao ni mpagazi, amesimama sawa na wenzake. Sisi hatukupata hata hilo.

Kuna na wale wa upande wa pili. Nguzo ile inawataja waliokufa kwa ajili ya mfalme, yaani mfalme wa Uingereza. Je, askari na wapagazi wa Mjerumani? Hao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wahehe, Wamanyema, Wazaramo, watu wa nchi hiihii. Kijana aliyekamatwa na Wajerumani kusini akabebeshwa risasi, na yule aliyekamatwa na Waingereza Bagamoyo akabebeshwa unga, huenda walikuwa watoto wa shangazi mmoja. Na wasiobeba kitu nao walikufa: kule Ugogo majeshi yote mawili yalikomba ng'ombe, nafaka na vijana, mvua ikakataa, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoanza 1917 na kuendelea hadi 1920, na inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000. Sikuombeni muijaze nguzo moja misiba yote ya nchi. Ninachosema ni kwamba tukiandika bamba jipya mwaka 2027, tusirudie mpaka wa mfalme. Uhuru tuliupata 1961. Hatulazimiki kuwakumbuka wafu wetu kwa kufuata jeshi lililowakamata.

Mtu ataniambia majina hayapatikani. Hayo nimeyasikia mara nyingi, na siyakubali moja kwa moja. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari. Aliingia vitani akiwa bado mtoto, upande wa Mjerumani. Baada ya vita alifanya kazi melini, akafika Berlin mwaka 1929, akaidai serikali ya Ujerumani malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Wakamwambia amechelewa. Alibaki huko, Wanazi wakamkamata, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Leo Berlin kuna bamba dogo la shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu lenye jina lake. Kijana wa mji huu, na jina lake limewekwa na watu wa mji mwingine. Alijulikana kwa sababu kuna aliyekaa akafukua karatasi. Karatasi ziko: madaftari ya mishahara, orodha za malimbikizo ambayo hayakulipwa, barua za wakuu wa wilaya, kumbukumbu za misheni. Baadhi ziko Nyaraka za Taifa, baadhi London, baadhi Ujerumani, na Kenya majalada ya zamani ya jeshi yameanza kutoa majina. Hatutawapata wote, wala hatutakaribia. Lakini jina moja lililothibitishwa ni bora kuliko sanamu nzima isiyo na jina.

Sasa nitue mzigo wenyewe.

Kwanza, tufike. Wekeni kivuko cha miguu kwenye ile kipilefti na sehemu ya kusimama watu hata 20 bila kugongwa. Hili ni suala la rangi nyeupe, tuta na alama za barabarani. Safisheni mabamba, lakini kwa fundi anayeijua shaba. Tafadhali sana, asipewe mtu brashi na rangi ya dhahabu. Nimeona minara mingine ilivyofanywa nchini, sitaitaja.

Pili, Kariakoo. Kila Mtanzania anapajua, na wengi wanajua kwamba jina lenyewe lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopigishwa kambi pale baada ya 1916, wakilitumia na jengo la soko lililokuwa limejengwa na Wajerumani. Soko letu liliungua Julai 2021 na limejengwa upya. Katika jengo lote hilo, na vizimba vyote hivyo, naomba ukuta mmoja mdogo mahali ambapo mchuuzi na mteja wanapita, wenye maelezo mafupi ya Kiswahili cha kawaida: hapa palikuwa na kambi, waliokaa hapa walikuwa nani, walipelekwa wapi, wangapi hawakurudi. Wala msiufiche kwenye ofisi za utawala ghorofani. Mchukuzi anayesukuma mkokoteni pale leo asubuhi ndiye msomaji wa kwanza ninayemfikiria.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Mnazi Mmoja. Kati ya Posta na Kariakoo kuna bustani na uwanja wa wazi ambao Waingereza waliutenga ili mji wa Wazungu na wa Wahindi usigusane na mji wa Waafrika. Leo ni mahali petu: tunapumzika pale, mikutano inafanyika pale, na kumbukumbu ya mashujaa iko pale. Anzisheni hapo ukuta wa majina. Usiwe umekamilika siku ya kwanza. Uachwe na nafasi, majina yaongezwe kadiri yanavyothibitishwa, ya pande zote mbili za vita, kwa alfabeti, bila cheo na bila kabila. Tume ichangie fedha na watafiti, kwa kuwa deni hili ni lake kwa maneno yake yenyewe. Jiji litoe ardhi na ulinzi. Nyaraka za Taifa zisimamie uhakiki, ili asije mtu akaingiza jina la babu yake kwa kujuana. Na wananchi wapewe dawati la kupeleka walichonacho: picha, cheti, medali, au hata simulizi la bibi, ambalo litaandikwa kama simulizi mpaka lipate ushahidi.

Najua swali la fedha litakuja kabla sijamaliza sentensi. Shule zinakosa madawati, mitaro ya Jangwani inafurika, na huyu anataka ukuta. Nakubali kwamba mtaro ni muhimu kuliko ukuta. Ila tukumbuke kwamba Tume hii inatunza makaburi nchini mwetu Tanga, Moshi, Morogoro, Iringa na hapa Dar es Salaam, na imetamka hadharani kwamba inataka kurekebisha ilichokosea. Fedha za kazi hii hazitolewi kwenye fungu la mitaro. Kinachotakiwa kutoka kwetu ni mtu wa kwenda mezani na mpango ulioandikwa, kabla wao hawajatuletea mpango wao uliochorwa tayari na sisi tukabaki kuonyeshwa mahali pa kukata utepe.

Kwa kuanzia naomba jambo dogo. Kati yenu watatu mnaoandikiwa barua hii, tajeni hadharani ofisi moja na ofisa mmoja mwenye dhamana ya sanamu ile na maadhimisho ya 2027, ili mwananchi mwenye karatasi ya babu yake ajue aipeleke dirisha gani. Nakala zenu zimepelekwa masjala.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mwalimu wa historia, Dar es Salaam